Nataka kuwa wakili wa wakimbizi: nianzie wapi?

Swali la msomaji: "Shikamoo. Niko mwaka wa 3 wa shahada ya sheria hapa Mombasa, na nimeamua nitakuwa wakili wa wakimbizi na waomba hifadhi. Mjomba ananiambia hiyo si kazi, ni kujitolea tu. Wenzangu wanasema bila shahada ya uzamili kutoka Ulaya hakuna shirika litakalonitazama. Kazi yenyewe ni ipi hasa, na nianzie wapi nikiwa bado chuoni?"

Jibu: Marahaba. Mjomba wako amesema nusu ya ukweli, na wenzako wamekosea. Kazi ipo na mshahara upo, ila mikataba ni mifupi na pesa zake zinategemea wafadhili, hilo nitalirudia. Ama shahada ya uzamili, haimtoi mtu rumande Jumatatu asubuhi. Anayemtoa ni wakili mwenye leseni anayejua kuandika maelezo ya mteja na anayejua kuhesabu siku. Hayo mawili ndiyo nitakayokaa nayo zaidi, kwa sababu ndiyo yanayoamua nani anafaa kwa kazi hii na nani anaipenda kwa mbali.

Kenya ina wakimbizi na waomba hifadhi zaidi ya laki saba na nusu. Wengi wako Dadaab, kaunti ya Garissa, na Kakuma pamoja na Kalobeyei kule Turkana. Waliosalia wako mijini, Nairobi zaidi ya kwingine. Hapo kwenu Mombasa pia palikuwa na kambi, Utange ikiwa mojawapo, zikafungwa katika miaka ya 1990. Wateja wako watakuwa Wasomali, Wasudan Kusini, Wakongo, Waethiopia, Warundi, na siku hizi Wasudan.

Sheria unayotakiwa kuijua kifungu kwa kifungu ni Sheria ya Wakimbizi ya 2021, iliyoanza kutumika Februari 2022 na kuiondoa ile ya 2006. Nyuma yake kuna Mkataba wa Geneva wa 1951, Itifaki ya 1967 na Mkataba wa 1969 wa OAU, yaani Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Isome na Katiba ya 2010 ikiwa wazi pembeni, hasa vifungu vya 2(5) na 2(6), vinavyoingiza mikataba ya kimataifa katika sheria ya nchi, na kifungu cha 47 kuhusu maamuzi ya haki ya kiutawala.

Shika mapema kwamba sheria yetu ina maana mbili za mkimbizi. Ya kwanza ni ile ya 1951: mtu mwenye hofu yenye msingi ya kuteswa kwa sababu ya rangi, dini, uraia, kuwa katika kundi fulani la kijamii, au maoni ya kisiasa. Ya pili inatoka OAU: mtu aliyelazimika kuhama kwa sababu ya uvamizi kutoka nje, kukaliwa na wageni, au machafuko makubwa ya amani katika nchi yake au sehemu yake. Mawakili wapya hung'ang'ania ya kwanza, wakatoka jasho kuthibitisha kwamba mama wa Kivu Kusini, mashariki mwa Kongo, alilengwa yeye binafsi, ilhali maana ya pili haidai hivyo. Kila faili ipimwe kwa zote mbili, na maandishi yako yaseme waziwazi kwamba unategemea zote mbili pale ambapo ushahidi unaruhusu.

Utaratibu, kwa ufupi: anayeingia nchini, hata kwa njia zisizo halali, anatakiwa kujitokeza mbele ya Kamishna wa Wakimbizi ndani ya siku 30. Anasajiliwa, anachukuliwa alama za vidole, anapewa pasi ya mwomba hifadhi, kisha anangoja mahojiano. Akikataliwa ana siku 30 za kwenda Kamati ya Rufaa, na baada ya hapo Mahakama Kuu. Zamani mahojiano na uamuzi vilikuwa mikononi mwa UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, na wazee wa Eastleigh bado wanaita hati yoyote ya ukimbizi "mandeti". Leo uamuzi ni wa Idara ya Huduma za Wakimbizi, yaani ofisi ya serikali ya Kenya. Kwa wakili tofauti hiyo ni kubwa mno. UNHCR ina kinga ya kimataifa, huwezi kuiburuta kortini. Ofisi ya serikali inabanwa na Katiba na Sheria ya Uamuzi wa Haki wa Kiutawala ya 2015, kwa hiyo unaweza kuidai sababu za maandishi, na jaji wa Mahakama Kuu anaweza kuuchunguza uamuzi wake.

Usidhani siku nzima utakuwa kwenye mambo ya hifadhi. Utashughulikia vyeti vya kuzaliwa vya watoto waliozaliwa kambini, malezi ya watoto waliokuja bila wazazi, kesi za ubakaji, wapangaji waliofungiwa nyumba, vibali vya kazi vya daraja la M, na vibali vya kutoka kambini kwenda hospitali. Na utashughulikia watu waliokamatwa. Hapo ndipo pa kuanzia.

Korti ya asubuhi

Kosa linalowafikisha wengi kizimbani ni kuwepo nchini kinyume cha sheria, chini ya kifungu cha 53 cha Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011. Adhabu ni faini isiyozidi Sh500,000, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Mara nyingi hakimu huongeza amri kwamba mshtakiwa akimaliza kifungo arudishwe kwao. Kwa mwomba hifadhi, amri hiyo fupi ndiyo inayotisha kuliko faini na kifungo.

Chukua mfano wa vijana kadhaa wa Ethiopia waliokamatwa kwenye gari barabara ya kuja Mombasa. Wanafikishwa kortini kabla ya saa 24 kwisha, kama kifungu cha 49 cha Katiba kinavyotaka. Karani anawasomea mashtaka kwa Kiswahili. Mmoja wao anayejua Kiswahili cha kuombea maji na chakula anawageukia wenzake na kuwanong'oneza kwa Kioromo. Wote wanaitikia kwa kichwa. Kwenye rekodi ya korti panaandikwa "Tafsiri: Kiingereza/Kiswahili", chini yake "Ni kweli", na kabla ya saa nne wamekwisha kuhukumiwa.

Uzito wa "ni kweli" hiyo uko katika kifungu cha 348 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai: aliyekiri kosa katika mahakama ya chini hawezi kukata rufaa dhidi ya kutiwa hatiani, ila tu juu ya uhalali au ukubwa wa adhabu. Tundu linalobaki ni kuonyesha kwamba hakukiri kwa kuelewa. Uamuzi wa zamani wa Adan dhidi ya Jamhuri, 1973, ulieleza jinsi kukiri kunavyopaswa kupokewa: mashtaka na kila kiungo cha kosa vielezwe kwa lugha anayoielewa mshtakiwa, maneno yake mwenyewe yaandikwe, mambo ya kesi yaelezwe, na apewe nafasi ya kuyapinga. Kwa hiyo mstari wa "Tafsiri" kwenye rekodi ndio wa kwanza kuutafuta ukipewa faili la mtu aliyekwisha kufungwa.

Ukiwahi kabla faili halijaitwa, shuka kwenye seli za korti na umuulize kila mmoja mambo manne: lugha anayoielewa vizuri, kwa nini aliondoka kwao na lini, kama alimwambia polisi au afisa yeyote kwamba anaomba hifadhi, na kama ana karatasi au picha ya karatasi kwenye simu. Kisha simama, jitambulishe, uombe mkalimani kwa kifungu cha 50 cha Katiba, ambacho kinampa mshtakiwa mkalimani bila malipo. Wakane mashtaka. Omba kesi itajwe tena baada ya siku chache, pamoja na amri kwamba afisa wa Idara ya Huduma za Wakimbizi awaone. Sheria ya Wakimbizi inazuia kumshtaki kwa kuingia au kuwepo kinyume cha sheria mtu aliyeomba hifadhi kwa nia njema. Barua ya Idara ikifika, ipeleke kwa kiongozi wa mashtaka na umwombe aondoe kesi chini ya kifungu cha 87(a).

Wakiwa wamekwisha kuhukumiwa, dirisha la rufaa ni siku 14. Kuna na njia ya mapitio Mahakama Kuu chini ya vifungu vya 362 na 364, ambayo mara nyingi huanza kwa barua tu. Vyovyote utakavyochagua, ombi la kwanza, siku hiyohiyo, liwe kusimamisha amri ya kurudishwa. Wapo mawakili waliotunga rufaa nzuri ya kurasa 20, mteja akapandishwa basi la mpakani kabla haijasomwa.

Kazi hii ya korti za chini hudharauliwa na wanafunzi wanaotaka kesi za Katiba. Zisome hizo kesi kubwa, kwa sababu ndizo nguzo: uamuzi wa Jaji Majanja wa Julai 2013 katika kesi ya Kituo cha Sheria, uliofuta agizo la kuwahamishia kambini wakimbizi wa mijini, uamuzi wa Februari 2015 katika kesi ya CORD, muungano wa upinzani wa wakati ule, uliofuta kipengele cha kuwawekea wakimbizi kikomo cha 150,000 nchini, na uamuzi wa Jaji Mativo wa Februari 2017, uliozuia kufungwa kwa kambi za Dadaab. Lakini angalia zilivyoshinda. Ile ya 2013 ilijaa hati za kiapo za watu mmoja mmoja, wenye majina, biashara, watoto shuleni na magonjwa yanayotibiwa Nairobi. Mtu alikaa nao akaandika.

Maelezo ya mteja

Hapa ndipo faili nyingi hufia, na hapa ndipo utakapotambulikana. Chukua mteja wa kubuni kutoka Fizi, Kivu Kusini. Ukimwachia aeleze mara moja, utaandika hivi: "Watu wenye silaha walikuja kijijini usiku, wakachoma nyumba na kuua watu, nikakimbia." Kila neno hapo laweza kuwa kweli, na afisa atakataa, kwa sababu sentensi hiyo inaweza kusemwa na yeyote.

Rudi naye ndani ya usiku ule. Alikuwa amelala chumba gani, na nani? Alisikia nini kwanza? Walizungumza lugha gani, walivaa nini, aliwajuaje kuwa ni kundi hili na si lile? Jirani aliyeuawa, alimwona akiuawa au aliambiwa kesho yake, na nani? Kwa nini nyumba yake na si ya upande wa pili? Alitoka kwa mlango upi, akiwa na nani mkononi? Alivuka Ziwa Tanganyika kwa mashua ya nani, akatua wapi? Alipita Tanzania, mbona hakubaki? Swali hilo la mwisho afisa atauliza kwa hakika, basi jibu lake la kweli liwe kwenye maelezo, si litafutwe papo hapo.

Ukimaliza, sentensi moja imekuwa aya saba au nane zenye namba, kila aya na jambo moja. Anachokijua kwa macho kimetengwa na alichosimuliwa. Kipande kama "nilimtambua sauti kwa sababu ndiye aliyekuwa akinunua mihogo kwangu" kina nguvu kuliko ukurasa mzima wa historia ya vita.

Tarehe ndizo mtego mkubwa. Wengi hawahesabu kwa kalenda; wanahesabu kwa mavuno, kwa Ramadhani, kwa muhula wa shule, kwa umri wa mtoto. Usiwalazimishe. "Mwishoni mwa masika, kabla mwanangu wa pili hajaanza kutembea" ni bora kuliko "tarehe 14 Aprili" iliyobuniwa ili kukuridhisha wewe, kwa sababu kwenye fomu ya usajili alisema Juni, na kwenye mahojiano atasema Mei. Kukataliwa kwa sababu ya "kutoaminika" hutokana mara nyingi na kugongana kwa karatasi tatu: fomu ya usajili, maandishi ya mahojiano, na maelezo uliyoyaandika. Basi kabla hujaandika neno, pata nakala ya fomu ya usajili. Kama ina kosa, na mara nyingi lipo, kwa kuwa ilijazwa kwa haraka na mkalimani wa kubahatisha, eleza kosa hilo kwenye maelezo: lilitokeaje na ukweli ni upi. Usilifiche ukitumai halitaonekana. Majina nayo: jina moja la Kisomali laweza kuandikwa kwa tahajia tatu katika hati tatu. Weka aya ya kwanza inayosema zote ni za mtu mmoja.

Panga vikao viwili au vitatu, visizidi saa mbili kila kimoja. Mambo mazito, ubakaji na mateso ya gerezani, yasiguswe kikao cha kwanza wala dakika kumi za mwisho za kikao chochote. Mtu asitoke mlangoni kwako akiwa ndani ya jambo hilo peke yake. Aliyeteswa husahau mpangilio wa mambo, huruka, hurudi nyuma. Hiyo si dalili ya uongo, na kama hali ni nzito, ripoti ya daktari au mshauri nasaha iambatishwe ili afisa aelewe sababu. Mwisho msomee maelezo yote kwa lugha yake, aya kwa aya, asahihishe, atie sahihi kila ukurasa, na mkalimani aandike cheti chake kwamba alitafsiri kwa uaminifu.

Mkalimani asiwe ndugu, asiwe mtoto wa mteja, asiwe wa upande uliomfukuza. Muulize mteja akiwa peke yake kama anamwamini. Mpe mkalimani masharti kabla ya kuanza: atafsiri kwa nafsi ya kwanza, asifupishe, asieleze, asijibu kwa niaba. Nawe usijidanganye kwamba Kiswahili chako cha Mombasa kinatosha kwa kila Mkongo. Zungumza naye dakika kumi juu ya safari na chakula kwanza. Ukiona mnapishana, tafuta mtu wa Bukavu au Uvira.

Maelezo yakikamilika yaungwe na taarifa za nchi atokako. Tovuti za Refworld na ecoi.net ni bure, na ripoti za wataalamu wa Umoja wa Mataifa kuhusu Kongo zinataja vijiji kwa majina. Kosa la kawaida ni kubandika kurasa 80 ambazo hakuna atakayezisoma. Toa kurasa tano, pigia mstari sentensi inayohusika, andika pembeni namba ya aya inayoiunga mkono. Taarifa iwe ya mahali na wakati wa tukio, na nyingine iwe ya sasa, kwa kuwa swali la kisheria ni hatari anayokabiliana nayo akirudi leo.

Mteja akiwa aliwahi kubeba silaha, kuwa polisi au kulinda gereza, usimwambie anyamaze. Kifungu cha 1F cha Mkataba wa 1951 kinawaondolea ulinzi wanaoshukiwa kwa sababu nzito kufanya uhalifu wa kivita au uhalifu mwingine mzito. Jambo hilo linatetewa kwa kulieleza: alikuwa na umri gani, alilazimishwa, alifanya nini hasa, aliondoka vipi. Kumfundisha mteja hadithi ni kosa la maadili linaloweza kukufuta kwenye orodha ya mawakili, na huwaponza hata waliosema kweli, maana afisa akishasikia hadithi moja kwa vinywa kumi huanza kumshuku kila mtu atokaye ofisi hiyo.

Barua ya kukataliwa ikija, mara nyingi ni fupi na haina sababu za maana. Andika kwenye bahasha, papo hapo, tarehe mteja aliyoipokea. Wasilisha rufaa ndani ya siku 30 hata kama hoja hazijaiva, ukieleza kwamba utaongeza hoja utakapopewa sababu; wakati huohuo omba sababu za maandishi na nakala ya faili chini ya sheria ya 2015. Anayengoja sababu kwanza ndipo akate rufaa, hupoteza siku zote 30 zikipita mbele ya macho yake.

Njia ya kufika huko

Maliza shahada. Chagua masomo ya sheria ya utawala, ushahidi, mwenendo wa jinai na haki za binadamu. Hayo yatakufaa kila siku. Baada ya hapo ni Kenya School of Law: masomo 9, mitihani ya Baraza la Elimu ya Sheria, na uanagenzi wa miezi 6 chini ya wakili mwenye uzoefu usiopungua miaka 5. Kisha unaapishwa na Jaji Mkuu, jina linaingia kwenye orodha, na kila mwaka unalipia leseni kupitia Chama cha Mawakili. Kabla ya leseni huwezi kusimama kortini wala kutoza ada kwa kazi ya wakili, hata ukiwa na shahada tatu. Ndiyo maana nakusihi usiruke hatua hii kukimbilia kazi ya shirika kwa cheo cha "afisa wa ulinzi". Ni kazi nzuri, lakini asiye wakili hubaki akimpigia simu wakili.

Uanagenzi ufanye mahali penye jinai na Katiba. Mashirika yanayojulikana kwa kazi hii ni Refugee Consortium of Kenya, lililoanzishwa 1998, na Kituo cha Sheria, kilichoanza 1973, chenye kitengo cha wahamaji kule Nairobi na ofisi Mombasa. HIAS na mabaraza ya wakimbizi ya Norwei na Denmark nayo huajiri wanasheria. Nafasi za uanagenzi ni chache na wanaoomba ni wengi. Ukikosa, ofisi ndogo ya wakili wa jinai pale Mombasa, anayekupeleka kortini kila asubuhi, ni bora kuliko kampuni kubwa itakayokuweka kwenye mikataba ya ardhi.

Ukiwa bado chuoni, mengi yanawezekana. Kaa korti ya Mombasa au Shanzu asubuhi za kusomewa mashtaka, angalia kesi za uhamiaji, andika jinsi lugha ilivyoshughulikiwa. Omba kusaidia kliniki ya sheria ya chuo au mashirika ya haki ya Pwani kama MUHURI. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 inamtaja mkimbizi miongoni mwa wanaostahili msaada, na inatambua wasaidizi wa kisheria wasio mawakili. Mafunzo hayo yanafaa kwa mwanafunzi. Angalia pia suala lililo mlangoni pako: watu wasio na uraia. Wamakonde wa Kwale walitambuliwa 2016, Wapemba wa Kwale na Kilifi wakatambuliwa 2023, na bado kuna familia zinazohangaika na vyeti. Ni mbinu zilezile za maelezo, ushahidi na ofisi za serikali.

Na jifunze lugha. Kifaransa cha kusomea hati kitakufungulia faili za Kongo na Burundi. Kisomali hata cha salamu na maswali ya msingi kitakufanya umtambue mkalimani anayefupisha.

Sasa fedha. Mikataba ya mashirika huwa ya mwaka mmoja au pungufu, ikifuata bajeti ya mfadhili. Mwaka 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje na mpango wake wa kuwapokea wakimbizi, mashirika mengi yalipunguza watu, UNHCR nayo. Mjomba wako hapo ana haki ya kuwa na wasiwasi. Njia inayodumu, kwa maoni yangu, ni kuwa wakili wa kawaida mwenye uti wa mgongo wa kipato: vibali vya kazi vya wageni wenye uwezo, uraia, ndoa za mataifa mawili, kesi za familia, huku faili za wakimbizi zikipewa siku zake maalumu kila wiki, kwa mkataba wa shirika au bila malipo. Mawakili wa namna hiyo ndio ambao mashirika huwapigia simu mfadhili anapoondoka. Njia nyingine ni Umoja wa Mataifa kwa mlango wa UNV, mpango wake wa watu wa kujitolea, ambao una nafasi za vijana wa miaka 18 hadi 26. Na usiidharau Idara ya serikali yenyewe: aliyewahi kuhoji waombaji anajua maswali yanavyotoka.

Jambo moja ulishike tangu siku ya kwanza. Usajili, pasi na uamuzi wa Idara ni bure, na mteja wako atakuwa amekwisha kukutana na mabroka wanaouza "nafasi ya Kanada". Usiahidi kamwe kuhamishiwa nchi ya tatu. Si mamlaka yako. Usiwasiliane na ubalozi wa nchi yake kuthibitisha lolote, wala usipige simu kijijini kwao. Jina lake lisionekane kwenye simu yako bila kufungwa kwa nywila.

Shahada ya uzamili iache hadi ufikishe miaka miwili au mitatu ya kazi, utakapojua unataka kusoma nini. Haina lazima iwe ya Ulaya: Chuo Kikuu cha Marekani cha Kairo kina kituo cha masomo ya uhamaji na wakimbizi, na Makerere ina Refugee Law Project, iliyoanza 1999, ambayo ni shule tosha hata kwa miezi michache ya kujitolea. Kozi fupi za sheria ya wakimbizi za San Remo, Italia, zinatambulika pia.

Ukiandika barua ya kuomba nafasi, usijaze shauku. Ambatisha kurasa tatu au nne za maandishi yako: uchambuzi wa uamuzi mmoja wa Mahakama Kuu, au maelezo ya mteja wa kubuni yaliyoandikwa kwa aya zenye namba kama nilivyoeleza, pamoja na jedwali la taarifa za nchi yake. Anayepokea barua 200 zinazosema "napenda kusaidia wanyonge" atasimama kwenye hiyo.